Wikendi ya Kupumzika Naivasha: Mwongozo wa Familia Inayokwenda Mara ya Kwanza

Kila likizo ya nusu muhula ikikaribia, simu yangu huanza kulia. Dada, maji ya bwawa la Olkaria ni moto kiasi gani? Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuingia? Mama mkwe ana presha, twende naye ama tumwache? Tutafute hoteli kando ya ziwa ama karibu na mbuga? Maswali ni yale yale, na kila anayeuliza ana haki ya kujibiwa kwa kina. Kwa hiyo nimeketi nikaandika yote mahali pamoja.

Nimekwenda Naivasha na familia yangu katika hali tofauti tofauti: nikiwa na mtoto mchanga mgongoni, nikiwa na vijana wa sekondari ambao hawataki kuonekana na wazazi, na mara moja na mama yangu mzazi miezi michache baada ya kupasuliwa goti. Kila safari imenifundisha jambo lile lile: familia nyingi hurudi Jumapili usiku zikiwa hoi kuliko zilivyoondoka, na kwa kawaida shida haikuwa pesa. Ratiba ilijaa mno, na mama wa nyumba alihamisha jiko lake kutoka Nairobi hadi ziwani. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuzuia hayo mawili.

Mahali penyewe kwa ufupi

Naivasha iko katika Bonde la Ufa, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ziwa liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana mchana unavaa fulana na usiku unatafuta blanketi la pili. Hoteli nyingi za mapumziko zimejipanga kando ya barabara ya Moi South Lake, chini ya migunga yenye magome ya manjano. Kusini mwa ziwa kuna Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, na ndani ya mbuga hiyo ndipo lilipo bwawa la maji moto la Olkaria linaloendeshwa na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme.

Maji ya bwawa hilo hutoka kwenye visima virefu vinavyochimbwa kutafuta mvuke wa kuzalishia umeme, kazi iliyoanza kutoa umeme hapo Olkaria mwaka 1981. Mvuke ukishatenganishwa, maji yenye madini hubaki, hupozwa, kisha huingizwa bwawani. Rangi yake ya samawati iliyofifia inatokana na madini hayo. Hiyo inatosha, tuingie kazini.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

Andaa hivi siku mbili kabla, si asubuhi ya safari:

- Vitambulisho vya watu wazima, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bila hivyo unaweza kutozwa bei ya mgeni langoni.
- Akaunti ya eCitizen (tovuti ya serikali ya kulipia huduma) inayofungua, na pesa kwenye M-Pesa. Malango ya KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, hayapokei pesa taslimu.
- Chupa za maji za chuma au za plastiki ngumu, moja kwa kila mtu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa, kwa hiyo zile chupa za maji za dukani usizitegemee.
- Nguo za kuogelea za kweli. Kaptura ya jinzi na fulana ya pamba hunyonya maji na kuwa nzito, na mabwawa mengi huzikataa.
- Taulo mbili kwa kila mtu, leso mbili tatu, na champali zisizoteleza.
- Sweta na soksi, hata kama unakwenda Januari.
- Dawa zote za kila siku, hasa za presha na sukari, kwenye mkoba wa mkononi. Zisiwekwe buti.
- Mafuta ya nazi au mafuta mazito ya nywele, na kofia ya kuogelea.
- Kopo lenye mfuniko na kitambaa chenye maji kwa mtoto anayetapika njiani.

Acha nyumbani: spika kubwa, kompyuta ya kazi, na bangili na pete za fedha. Sababu ya pete nitaieleza tukifika bwawani.

Hatua ya 1: Chagua wikendi kwa makini

Tarehe ndiyo itakayoamua kama mtapata utulivu au zogo. Tangu mwaka 2021 mashindano ya magari ya Safari Rally yamekuwa yakifanyikia Naivasha. Mwanzoni yalikuwa Juni, na kuanzia 2024 yakahamia Machi. Wikendi hiyo vyumba hupanda bei, barabara hujaa, na muziki haulali. Kama hujaenda kutazama magari, tafuta tarehe nyingine. Pasaka na Krismasi ni vivyo hivyo.

Aprili na Mei mvua ni nyingi. Julai asubuhi huwa na baridi kali, ingawa kuna raha yake kuota maji moto huku ukungu unapita juu ya kichwa. Ninazozipenda mimi ni wikendi za Februari mwanzoni, na za Septemba kabla ya mvua za vuli. Ukiwa na watoto wa shule, nusu muhula ni nzuri kwa sababu mnapata usiku mbili au tatu, lakini weka nafasi mwezi mzima kabla. Wenzako wote wana kalenda hiyo hiyo.

Usiku mmoja hautoshi. Mnafika mmechoka, mnalala, mnafungasha. Kama bajeti inatosha usiku mbili tu katika hoteli ya kawaida au usiku mmoja katika ile ya kifahari, chukua usiku mbili bila kufikiri mara ya pili.

Hatua ya 2: Piga simu, kisha ulipe

Picha za mtandaoni hazisemi zilipigwa lini. Wakati mmoja tulifika mahali ambapo tangazo lilionyesha bwawa la maji ya uvuguvugu, tukakuta limefunikwa turubai na mafundi wako ndani na mabomba yao. Watoto walilia hadi wakalala. Tangu siku hiyo sitoi malipo ya awali kabla sijazungumza na mtu wa mapokezi, na maswali yangu ni haya:

1. Bwawa linafanya kazi wiki hii? Maji yanapashwa moto au ni baridi? Kuna sehemu ya watoto yenye kina kifupi?
2. Chumba cha mvuke na sauna vinawashwa saa ngapi, na bei yake imo katika bei ya chumba?
3. Chumba chetu kiko ghorofa ya chini? Kuna ngazi ngapi kutoka chumbani hadi mkahawani? Swali hili ni la nyanya, na jibu la "ni chache tu" halitoshi. Waambie wahesabu.
4. Mtoto wa umri huu analipa kiasi gani? Hoteli nyingi huwa na bei ya nusu, lakini umri wanaouhesabu hutofautiana.
5. Bei ni ya kulala na kiamshakinywa, ama milo yote imo?
6. Kuna harusi au mkutano wa kampuni wikendi hiyo?

Swali la sita watu hulisahau, nalo ndilo linalookoa usingizi. Harusi moja yenye DJ inatosha kufuta wikendi nzima ya mapumziko. Ukishajibiwa, omba waandike majibu hayo kwenye ujumbe au barua pepe, ndipo utume pesa. Na utume kwa nambari ya malipo ya hoteli yenyewe, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi.

Hatua ya 3: Gawa kazi kabla ya kuondoka

Hapa nitasema waziwazi. Kama mama ndiye atakayefungasha mizigo ya wote, apike chapati za njiani, awavishe watoto, akumbuke dawa za nyanya, kisha afue nguo za kuogelea kwenye sinki la hoteli, basi hakuna aliyempeleka mapumzikoni. Amebadilishiwa mahali pa kazi.

Ketini Jumatano jioni, muda wa chai tu. Baba achukue watoto asubuhi zote mbili, kuanzia kuamka hadi baada ya kiamshakinywa. Kijana mkubwa abebe jukumu la taulo na nguo mbichi. Shangazi akiwepo, amsindikize nyanya. Mama apewe angalau saa tatu ambazo hakuna mtu atakayemuuliza chochote kiko wapi. Andikeni, mbandike kwenye friji. Nimeona nyumba zinacheka jambo hili Jumatano na kulishukuru Jumapili.

Kwa sababu hiyo hiyo, nashauri mchukue bei yenye milo yote hata kama ni ghali kidogo. Nyumba za kujipikia zina faida kwa familia kubwa, ila lazima mkubaliane nani anashika mwiko. Mkishindwa kukubaliana, msichukue nyumba ya kujipikia.

Hatua ya 4: Safiri bila haraka

Kuna njia mbili kutoka Nairobi. Ya juu inapitia Limuru na Kinungi. Ni ya moja kwa moja, lakini asubuhi za baridi huwa na ukungu mzito. Ya chini inashuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Mandhari yake ni ya kupendeza, lakini ni nyembamba na imejaa malori yanayoshuka polepole. Dereva asiyeizoea aipite mchana tu, na asijaribu kuyapita malori kwenye kona. Mkishuka njia hiyo, tazameni kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Watoto hufurahia kuingia, na ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu.

Ijumaa ondokeni kabla ya saa nane mchana. Baada ya saa tisa, kutoka Westlands hadi Kinoo pekee panaweza kula muda wa safari nzima. Kama shule inaachilia watoto saa kumi, afadhali mlale nyumbani na kuondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kuliko kufika usiku na watoto wanaolia.

Wasio na gari: matatu za Naivasha ni nyingi, na kutoka mjini Naivasha kuna matatu zinazopita Moi South Lake kuelekea Kongoni. Mwambie kondakta jina la hoteli kabla hujaketi. Ukiwa na nyanya na mizigo, panga na hoteli iwatumie gari kutoka stejini.

Mtoto anayetapika garini asipewe maziwa asubuhi hiyo. Mpe chai ya rangi isiyo na sukari nyingi na mkate mkavu, mketishe katikati atazame mbele, na simu aiweke chini.

Hatua ya 5: Jioni ya kwanza msifanye lolote

Fungueni mizigo, kuleni, tembeeni uwanjani. Basi. Msiende mjini, msitafute nyama choma, msipange boti. Mwili huchukua saa kadhaa kukubali kwamba haukimbizwi tena.

Onyo moja la jioni: viboko. Giza likiingia hutoka ziwani kuja kula nyasi, mara nyingi kwenye bustani zile zile za hoteli. Kiboko huonekana mzito na mpole, lakini hukimbia kuliko binadamu, na watu wameuawa nao Naivasha. Kila mtu akitaka kwenda chumbani usiku aombe askari wa hoteli amsindikize na tochi. Watoto wasiachwe wakimbie gizani hata hatua ishirini. Mkisikia mkoromo karibu, rudini ndani taratibu. Msijiweke kati ya mnyama na maji.

Hatua ya 6: Jumamosi asubuhi, bwawa la Olkaria

Hii ndiyo siku kubwa, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Malango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Pitieni lango la Olkaria. Liko karibu zaidi na bwawa kuliko lango la Elsa. Kumbuka kuna malipo mawili: ya kuingia mbugani, yanayokwenda KWS kupitia eCitizen, na ya bwawa, yanayolipwa bwawani. Lipia mbuga usiku uliotangulia mkiwa na intaneti ya hoteli, kisha hifadhi risiti kwenye simu. Bei hubadilika, kwa hiyo angalia siku hiyo hiyo.

Jaribuni kufika saa tatu asubuhi. Kufikia saa sita mabasi ya shule na vikundi huwa yamewasili, na utulivu umekwisha.

Mkishafika, fuateni mpangilio huu:

1. Kuleni kidogo angalau saa moja kabla. Tumbo tupu kwenye maji moto huleta kizunguzungu, na tumbo lililojaa huleta kichefuchefu.
2. Vua pete, bangili na mikufu ya fedha. Maji haya yana salfa, nayo hugeuza fedha kuwa nyeusi.
3. Lowesha nywele kwa maji safi kwanza, pakaa mafuta ya nazi, kisha kofia. Madini hukausha nywele na kuzifanya ngumu kama katani. Waliosuka rasta wafunge juu.
4. Oga kwenye bafu la nje kabla ya kuingia.
5. Weka mguu kwanza. Upande maji yanakoingilia huwa moto zaidi, kwa hiyo anza upande wa mbali na usogee kidogo kidogo. Madimbwi ya kupozea maji hayaingiwi hata kwa dakika moja; maji yake yanaunguza.
6. Kaa dakika 15, toka, keti kivulini dakika 10, kunywa maji, kisha rudi ukitaka. Mizunguko mitatu inatosha kwa mtu mzima mwenye afya.
7. Maji yasiingie machoni wala mdomoni. Si ya kunywa.
8. Mwisho oga maji safi, jipake mafuta mwili mzima, vaa nguo kavu.

Sasa yale maswali ya simu.

*Watoto.* Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima na haujui kulitoa. Walio chini ya miaka mitano siwaingizi kwenye maji moto kabisa. Wacheze kwenye maji ya uvuguvugu ya kina kifupi, mzazi akiwa ndani ya maji pamoja naye, akiwa karibu kiasi cha kumshika mkono. Wakubwa kidogo, dakika 5 hadi 10 kwa mara moja. Uso ukiwa mwekundu au mtoto akinyamaza ghafla, mtoe. Na tafadhali, mlinzi wa bwawa si yaya. Chagueni mtu mzima mmoja wa kutazama watoto kwa zamu za dakika 20, asiye na simu mkononi.

*Nyanya mwenye presha.* Maji moto hupanua mishipa na kushusha presha, na dawa za presha nazo hushusha. Vikikutana, mtu akisimama ghafla anaweza kuzimia. Aulize daktari kabla ya safari. Mama yangu aliruhusiwa kutumbukiza miguu tu hadi magotini, akaketi ukingoni na leso mabegani akisimulia mambo ya zamani kwa karibu saa nzima. Anaikumbuka asubuhi hiyo hadi leo. Huhitaji kuzama hadi shingoni ili ufaidi.

*Mjamzito.* Asiingie kwenye maji moto, wala sauna, wala chumba cha mvuke. Hasa miezi mitatu ya kwanza.

*Mwenye kidonda, ugonjwa wa moyo au kisukari.* Kidonda kibichi hakiingii majini. Mwenye moyo amwone daktari kwanza. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijipime joto kwa mguu. Ampe mwenzake apime kwa kiwiko.

Pombe iachwe kabisa mpaka mtoke majini na mpumzike. Bia na maji moto kwa pamoja humwangusha hata mtu mwenye nguvu.

Kufikia saa tano na nusu mwe mmemaliza. Nyani wanawafuatilia watu wenye vyakula, kwa hiyo kuleni garini au mkahawani, na msimpe nyani hata ganda la ndizi.

Hatua ya 7: Jumamosi alasiri, usingizi

Baada ya chakula cha mchana, pazia lifungwe. Wote walale, hata vijana wanaosema hawana usingizi. Huu ndio wakati wa zile saa tatu za mama.

Kama anataka kukandwa, aweke nafasi asubuhi. Akubaliane bei na dakika kabla hajalala kitandani, aseme kama ana mimba, mgongo unaouma, mishipa ya miguu iliyovimba, au mzio wa mafuta fulani. Akisikia maumivu makali aseme. Si lazima kuvumilia ili kuonekana mstaarabu. Ana haki ya kuomba mkandaji mwanamke.

Jambo ambalo wageni wengi hukosea: kutoka bwawani wanakodi baiskeli na kuzunguka Hell's Gate mchana wa jua kali. Mbuga hiyo ni miongoni mwa chache ambamo unaruhusiwa kupita kwa baiskeli au kwa miguu kati ya pundamilia na twiga. Lakini chagueni kimoja. Kama vijana wanataka baiskeli sana, waende nazo Jumapili asubuhi na baba, wengine wakibaki kitandani.

Na wakienda, wasishuke kwenye korongo lililo ndani ya mbuga hiyo mvua ikiwa inanyesha au wingu limetanda, hata kama ni mbali kwenye vilima. Septemba 2019 maji ya ghafla yaliwaua watu saba humo. Maji hujikusanya juu, usiyaone, kisha hushuka kwa kishindo kati ya kuta ambazo huwezi kuzipanda. Waulize askari wa KWS langoni, na wakisema hapana, ni hapana.

Hatua ya 8: Jumapili

Ukitaka boti, panda mapema. Jina Naivasha linatokana na neno la Kimaasai linalohusu maji yanayochafuka, na wavuvi watakuambia kwa nini: upepo huanza mchana na mawimbi hupanda. Saa moja na nusu asubuhi ziwa huwa limetulia, furukombe wanaita juu ya migunga, na viboko wameshajirudisha majini. Patana bei kwa boti nzima kwa saa, si kwa kichwa. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea lenye vifungo vinavyofungika, na dogo kwa mtoto. Nahodha akikosa jaketi la mtoto, shukeni. Mwambieni asiwakaribie viboko kwa ajili ya picha.

Asiyetaka boti abaki bustanini na gazeti. Si lazima familia nzima ifanye jambo moja.

Ondokeni saa sita, kabla ya msongamano wa jioni. Mkirudi kwa njia ya juu, simameni Soko Mjinga mnunue viazi, karoti na kabichi za wiki. Ni bei nzuri, na Jumatatu hamtahitaji kwenda sokoni.

Mambo yakienda kombo

*Mtu amepata kizunguzungu bwawani.* Mtoeni, mlazeni kivulini, miguu iinuliwe, mpeni maji kidogo kidogo akiwa na fahamu. Asiachwe peke yake. Asipopata nafuu baada ya dakika chache, au akilalamika kifua, pelekeni hospitali mjini Naivasha bila kungoja.

*Ngozi inawasha baada ya kutoka.* Mara nyingi ni madini yaliyokauka. Oga tena kwa maji safi bila sabuni, pakaa mafuta mazito. Vipele vikienea au uso ukivimba, mwone daktari.

*eCitizen inakataa langoni.* Mtandao huwa dhaifu. Jaribu kwa simu ya laini nyingine, au rudi hadi barabarani ulipie hapo. Usikubali mtu pembeni akulipie kwa "njia ya mkato".

*Bwawa la Olkaria limefungwa.* Hutokea wakati wa matengenezo. Piga simu Ijumaa kuhakikisha. Likiwa limefungwa, nendeni Crescent Island mtembee kati ya twiga na swala. Hakuna wanyama wakubwa wanaokula nyama huko, na hata mtoto wa miaka minne huimudu njia.

*Hoteli haikutoa walichoahidi.* Fungua ule ujumbe wa Hatua ya 2, umwone meneja siku hiyo hiyo, kwa upole, ukitaja unachotaka: chumba kingine, au sehemu ya pesa irudishwe. Ukingoja Jumapili wakati wa kulipa, umechelewa.

*Mvua imenyesha siku mbili mfululizo.* Msilazimishe ratiba. Ombeni chai ya tangawizi, chezeni karata au bao, ingieni chumba cha mvuke. Safari moja ya aina hiyo ndiyo wanangu huiomba irudiwe.

*Watoto wamechoka na wanagombana.* Watenganishe. Mmoja aende na baba kutazama ndege, mwingine alale na mama.

*Mmesahau na pete imeingia majini ikawa nyeusi.* Kwenye bakuli tandaza karatasi ya alumini, weka kijiko cha soda ya kuokea, mimina maji moto, tumbukiza pete iguse karatasi kwa dakika chache, kisha suuza. Ila isiwe pete yenye lulu au jiwe lililogandishwa kwa gundi. Hiyo mpelekee sonara. Nguo za kuogelea zisuuzwe maji baridi usiku huo huo mkifika nyumbani, kabla madini hayajakula mpira wake, na kazi hiyo ni ya yule kijana wa taulo.